Sehemu, kitengo au fungu? Funzo la hesabu kutoka steji ya Sigalagala

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Sigalagala, kando ya barabara kuu ya Kakamega kwenda Kisumu, nilipopigiwa simu na katibu wa chama cha wanabodaboda wa steji yetu. Kijana huyu alisomea uhasibu papa hapa katika chuo chetu cha ufundi, akakosa ajira, akanunua pikipiki. "Prof, tuna mkutano Jumapili baada ya kanisa," akaniambia. "Kuna karatasi za Kizungu tunataka utusomee kwa Kiswahili sanifu. Wazee wa chama hawataki kuamini yangu."

Nikaenda. Chama kina wanachama 30 na ushei, na akiba ya miaka minne: shilingi 240,000. Walikuwa wamekata shauri kununua hisa za kampuni moja inayouza pikipiki. Hoja yao ilikuwa nyepesi na yenye mvuto: kampuni inapata faida kutoka kwetu, basi na sisi tuwe wenye kampuni. Katibu alikuwa amechapisha kurasa chache za taarifa ya mwaka. Ukurasa aliotaka niufafanue ulikuwa na jedwali lililogawa mapato na faida ya kampuni katika makundi kadhaa. Kwa Kiingereza kila kundi huitwa "segment".

Nikalitafsiri neno hilo bila kufikiri mara mbili. Nikasema "sehemu". Nikasoma: mapato ya sehemu, faida ya sehemu, mali ya sehemu.

Mwenyekiti, mzee wa makamo aliyeendesha boda tangu zama ambazo bodaboda ilikuwa baiskeli, akatikisa kichwa kwa furaha. "Nilijua tu! Hawa watu wanakula na spea. Clutch cable peke yake nimenunua tatu mwaka huu. Kama sehemu ndizo zinaleta faida hivi, basi si tununue tu hizo hisa leo?"

Mikono ikaanza kuinuliwa. Ilibidi katibu asimame. "Mwenyekiti, pole. Hiyo si spea. Hapo Prof anasoma aina za biashara. Na ukiangalia vizuri, faida kubwa haitoki kwa pikipiki wala kwa spea. Inatoka kwa mikopo."

Kimya. Zaidi ya nusu ya wanachama walikuwa wamekalia pikipiki za mkopo.

Kosa lilikuwa langu, nami nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30. Neno moja lililochaguliwa kivivu lilikaribia kuwafanya watu watoe akiba yao yote kwa sababu isiyokuwapo. Ndiyo maana leo nimeamua safu hii iingie katika shamba la wahasibu. Mimi si mhasibu, lakini wahenga walituachia kauli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ningeongeza kwamba hata daftari, likisomwa kwa maneno yaliyokaa vibaya, laweza kuipoteza mali.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe, kisha tulitafutie jina.

Kampuni nyingi tunazoziita "za magari" si za magari tu. Chukua Honda ya Japani, iliyoasisiwa na Soichiro Honda mwaka 1948. Jina hilo likitajwa Nairobi, wengi huona gari dogo. Likitajwa Sigalagala, wengi huona pikipiki. Mkulima huenda akakumbuka pampu ya maji, na fundi akakumbuka jenereta. Wote wako sahihi. Tena iko Honda ya nne ambayo wengi wetu hatuioni kabisa: ile inayokopesha na kukodisha magari kwa wateja, hasa Marekani. Kwa hivyo Honda inapotoa hesabu zake hugawa biashara mara nne: pikipiki, magari, huduma za fedha, na mitambo midogo ya nguvu pamoja na shughuli nyinginezo.

Mgawanyo huo una faida gani kwa msomaji? Tazama mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025. Jumla ya mapato ya Honda ilikuwa takriban yeni trilioni 21.7, na faida ya uendeshaji takriban yeni trilioni 1.2. Ukiishia hapo, utasema: naam, kampuni ya magari imefanya vizuri. Lakini ukifungua mgawanyo, picha inageuka. Magari yaliingiza mapato karibu mara nne ya pikipiki. Hata hivyo, faida ya pikipiki ilikuwa takriban yeni bilioni 660, ilhali ya magari ilikuwa takriban bilioni 240 tu. Huduma za fedha nazo ziliyapita magari, zikaleta zaidi ya bilioni 300. Mitambo midogo ilipata hasara kidogo.

Kwa lugha ya sokoni: katika kila yeni 100 ya mauzo ya pikipiki, kampuni ilibaki na takriban yeni 18. Katika kila yeni 100 ya mauzo ya magari, ilibaki na chini ya yeni 2. Ushindani mkali China na gharama za kuhamia magari ya umeme ziliyabana magari, huku zaidi ya pikipiki milioni 20, nyingi zikiuzwa Asia, zikiibeba nyumba. Yaani mwaka huo zaidi ya nusu ya faida ya kampuni hiyo maarufu kwa magari ilitoka kwa magurudumu mawili. Jumla pekee isingekuambia hayo hata ungeikodolea macho usiku kucha.

Sasa, nani huamua biashara igawanywe vipi? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo neno letu litakapotafutwa.

Kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, sawa na za nchi nyingi duniani, hufuata viwango vya kimataifa vya kuripoti fedha. Kinachohusika hapa ni kiwango namba 8, kilichotolewa mwaka 2006 na kuanza kutumika Januari 2009. Kiwango kilichotangulia kilitaka kampuni igawe biashara kwa kuangalia bidhaa na maeneo yenye hatari na faida zinazofanana, hata kama wakubwa wa kampuni hawakuwa wakiitazama biashara yao hivyo. Kiwango kipya kikageuza mambo. Kinasema: mwonyeshe mwenyehisa biashara kwa mgawanyo uleule anaoutumia mkubwa wa kampuni anapoamua pesa ziende wapi na nani anafanya vizuri. Kwa ufupi, msomaji wa nje apewe macho ya mtu wa ndani.

Kuna na vipimo. Kundi la biashara lazima lionyeshwe peke yake likifikia asilimia 10 ya mapato yote, au ya faida au hasara kwa namna iliyoelezwa, au ya mali. Na makundi yanayoonyeshwa lazima kwa jumla yabebe angalau asilimia 75 ya mapato yanayotoka kwa wateja wa nje. Vidogo vinavyobaki hutiwa katika kapu moja la "nyinginezo". Isitoshe, ikiwa mteja mmoja analeta asilimia 10 au zaidi ya mapato, sharti jambo hilo lisemwe, hata kama jina lake halitatajwa.

Kwa kuwa mgawanyo hufuata macho ya wenye kuendesha, kampuni mbili zinazofanana zaweza kujigawa tofauti. Toyota hujigawa mara tatu tu: magari, huduma za fedha, na nyinginezo. BMW ya Ujerumani huonyesha magari, pikipiki na huduma za fedha mbalimbali, kisha mashirika mengine. Suzuki nayo, pamoja na magari na pikipiki, huonyesha injini za boti. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amepanga alivyozoea kuiona biashara yake. Ila msomaji asikimbilie kulinganisha jedwali hili na lile kana kwamba ni mapacha.

Hapa kwetu Kenya hatuna kiwanda cha ukubwa huo, lakini tunao mfano wa karibu. Car & General, iliyoanza mwaka 1936 na ambayo hisa zake huuzwa Nairobi, inajulikana mitaani kwa pikipiki za TVS na tuktuk za Piaggio. Kumbe ndani yake mna jenereta, mna matrekta, mna kodi ya majengo, na imekuwa na ufugaji wa kuku Tanzania. Tena ina hisa katika Watu Credit, kampuni inayokopesha wanunuzi wa pikipiki na tuktuk. Kwa vile Watu ni kampuni mshirika wala si kampuni tanzu, mgawo wake wa faida huingia katika hesabu kama mstari mmoja tu, bila kumwagiwa mikopo na madeni yake yote humo. Mtu asiyejua kutofautisha maneno hayo mawili, "mshirika" na "tanzu", anaweza kuupita mstari huo bila kuuona, nao huenda ndio uliobeba habari.

Turudi kwenye lugha. Je, kila kundi katika hayo tuliite nini?

"Sehemu" tumeona lilivyoniangusha. Ni neno zuri, pana, lakini upana wake ndio ugonjwa wake. Sehemu ni mahali, sehemu ni kipande, na katika biashara ya vyombo vya moto, sehemu ni spea. Huwezi kuliweka neno hilo katika taarifa ya kampuni ya magari ukategemea mwenyekiti wangu asifikirie clutch cable. Sikubaliani na wanaosema alikosa elimu. Alisikia neno, akalipa maana iliyo karibu naye. Msikiaji yeyote hufanya hivyo.

"Kitengo" linapendwa sana na waandishi wa habari. Tatizo ni kwamba kitengo kina ofisi, kina mkuu na kina wafanyakazi: kitengo cha trafiki, kitengo cha mawasiliano. Kundi la biashara katika taarifa ya fedha laweza kuunganisha vitengo kadhaa. Tena zipo idara, kama ile ya uhasibu au ya wafanyakazi, ambazo haziuzi chochote, kwa hivyo haziwezi kuwa makundi ya namna hii.

"Tawi" hutuvuta kwenye jiografia. Ukisema "matawi matatu ya kampuni", msomaji ataona Nairobi, Mombasa na Kisumu. "Sekta" ni ya uchumi wa nchi nzima: sekta ya kilimo, sekta ya uchukuzi. Kampuni moja haina sekta zake, inashiriki tu katika sekta. "Mgao" linakaribia, lakini wenyehisa wamekwisha kulichukua kwa maana ya faida wanayogawiwa. Mwambie mwanachama kwamba "mgao wa pikipiki ni bilioni 660" uone atakavyouliza pesa hizo zinaingia kwa M-Pesa lini.

Pale kwenye mkutano, baada ya aibu yangu, nilitazama ng'ambo ya barabara. Mama mmoja alikuwa na meza ya nyanya. Alikuwa amezipanga: zilizoiva sana upande huu, bei ya chini, ngumu za kukaa siku tatu upande ule, bei ya juu, na vile vidogovidogo na vitunguu vichache pembeni. Nikamwuliza mwenyekiti, "Yule mama anauza nini?"

"Nyanya," akajibu. "Mafungu."

"Nani amemwambia agawe hivyo?"

"Ni yeye, Prof. Anajua za kachumbari si za supu. Anajua gani zinamtoka haraka na gani zitamwozea."

Basi nikamwambia: soma jedwali lile tena, na kila niliposema sehemu, weka fungu. Akasoma kwa sauti: fungu la pikipiki, fungu la mikopo, fungu la majengo, na mafungu mengine madogo. Hakuna aliyeuliza kuhusu spea tena. Swali lililofuata likatoka kwa kijana mmoja nyuma: "Na hilo fungu la mikopo, likioza?"

Hilo ndilo swali ambalo mchambuzi yeyote wa hisa angeuliza.

Ninapendekeza, basi, "fungu la biashara", wingi "mafungu ya biashara". Sababu zangu ni tatu. Kwanza, fungu hubeba wazo la kutenga kwa makusudi. Mchanga uliotawanyika si fungu. Umekuwa fungu kwa kukusanywa pamoja na kutenganishwa na mwingine. Pili, fungu la sokoni hupangwa na muuzaji kwa macho yake mwenyewe, na hicho hasa ndicho kiwango namba 8 kinachotaka. Tatu, neno hili si geni katika hesabu za pesa. Waumini hutoa fungu la kumi. Na wenzetu wa Tanzania wamelisanifisha katika bajeti ya serikali yao: waziri anaposimama bungeni kuomba fedha, huziomba kwa namba ya fungu, na chini ya fungu zipo kasma.

Najua pingamizi itakayokuja kutoka Dar es Salaam: neno hilo tayari lina kazi katika bajeti, msilibebeshe mzigo wa pili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini fungu la bajeti ni pesa zilizotengewa matumizi, na fungu la biashara ni shughuli inayoleta pesa. Kivumishi kitatosha kuzitenganisha, kama vile "hati ya mashtaka" na "hati ya nyumba" zisivyogombana. Waingereza wenyewe walilichukua neno lao "segment" kutoka kwa wanahisabati waliokuwa wakikata mistari na duara, na hawajalia.

Nikubalini au nikataeni kuhusu neno. Lakini kuhusu namna ya kuyasoma mafungu, naomba msomaji abebe mambo manne, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza pesa.

La kwanza, usilinganishe mapato peke yake. Fungu kubwa kwa mauzo laweza kuwa dogo kwa faida, kama magari ya Honda mwaka ule.

La pili, litazame fungu la fedha kwa jicho la pekee. Biashara ya kukopesha huishi kwa kukopa: kampuni huchukua pesa kwa mabenki, huzikopesha kwa riba ya juu zaidi, na tofauti ndiyo faida. Kwa hivyo deni kubwa katika fungu hilo ni bidhaa, kama vile nyanya kwa yule mama. Deni hilohilo likiwa katika fungu la kuunda magari lingekuwa habari nyingine kabisa. Ukizichanganya hesabu hizo utaona kampuni nzima inazama kwa madeni, au utashindwa kuona ile inayozama kweli. Na faida ya mikopo huonekana mapema, ilhali wasiolipa huonekana baadaye.

La tatu, angalia mauzo ya ndani. Fungu moja likiuzia jingine, mauzo hayo huonyeshwa katika mafungu lakini huondolewa kwenye jumla ya kampuni. Mama mwenye ng'ombe na hoteli hawezi kusema ameuza maziwa kwa kuyamimina katika chai yake mwenyewe, kisha akahesabu chai tena. Gharama za makao makuu nazo, mishahara ya wakubwa na kodi ya jengo, huweza kugawanywa kwa mafungu kwa kanuni inayowekwa na wakubwa haohao. Kanuni ikibadilika, fungu lililokonda laweza kunenepa bila kuuza hata parafujo moja ya ziada.

La nne, uliza kilicho ndani ya "nyinginezo". Wakati mwingine mna mche unaochipuka. Wakati mwingine mna kitu kinachooza.

Chama cha Sigalagala kiliamua nini? Katibu, yule mhasibu asiye na ajira, aliuliza jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alisema: kama faida ya kampuni inatoka kwa mikopo ya pikipiki, basi inategemea watu kama sisi kulipa kila wiki. Siku petroli ikipanda na abiria wakipungua, sisi tutakosa kazi, na siku hiyohiyo hisa zetu zitashuka kwa sababu sisi tumeshindwa kulipa. Akiba ya chama ni ya kutuokoa siku hiyo. Mbona tuiweke mahali patakapoungua pamoja na nyumba?

Wakakubaliana kwamba wakinunua, wasitumie zaidi ya robo ya akiba, na kwamba katibu aandike kwanza ukurasa ule wote kwa Kiswahili na kuubandika stejini ili kila mwanachama ausome kabla ya kupiga kura. Mwenyekiti aliunga mkono. Aliniambia tukiagana, kwa heshima lakini bila kunificha: "Prof, siku nyingine uanze na lile fungu."

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo taarifa za kampuni ambazo pesa zao zinatoka kwa wasemaji wa Kiswahili bado hutufikia kwa Kiingereza. Sisemi kila kampuni itafsiri kurasa 200. Ningeanza na ukurasa mmoja: ule wa mafungu. Wahasibu wakubaliane na watu wa lugha kuhusu maneno 20 au 30, yachapishwe, yatumike magazetini, na yule aliye stejini aweze kuuliza kama lile fungu litaoza kabla hajatoa pesa yake.

Aliye na neno bora kuliko fungu, nalitaka. Nalisubiri kabla ya mkutano ujao.